Wanawake waliosema wamemeza dawa: uzi wa tafiti za kinga ya VVU Afrika, kutoka kidonge hadi sindano

Kungwi wa Takwimu (mtoa mada)

Wakuu, heshima yenu. Tangu lenacapavir, sindano ya kukinga VVU, ianze kutajwa redioni, kila uzi wa afya humu unaishia kwenye matusi. Mmoja anasema dawa ya muujiza, mwenzake anasema njama ya kupunguza Waafrika. Wote wanaianza hadithi ukurasa wa mwisho. Sindano hiyo imekuja baada ya miaka zaidi ya 20 ya majaribio, mengi yakiwa yamefeli, na mengi yakifanyika kwenye miili ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kusini. Kwa maoni yangu yale yaliyofeli ndiyo yametufundisha zaidi. Mimi si daktari. Nimekaa upande wa takwimu, kazi yangu ni kusoma majedwali na kuuliza maswali yanayokera watu. Nitaandika kwa vipande, maswali wekeni.

Naanza na utafiti ambao kila mtu wa fani hii anaujua na si wengi wanaopenda kuuzungumzia.

Mwaka 2009 ulianza utafiti ulioitwa VOICE. Wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa kidonge cha tenofovir, wengine kidonge cha mchanganyiko wa tenofovir na emtricitabine, wengine jeli ya tenofovir ya kupaka ukeni, na wengine kidonge au jeli isiyo na dawa, yaani plasebo. Matumizi ni kila siku. Kila mwezi mshiriki anakuja kliniki, anarudisha chupa, vidonge vilivyobaki vinahesabiwa, anahojiwa. Kwa maneno ya wanawake wenyewe na kwa hesabu ya vilivyorudishwa, ufuasi, yaani kutumia dawa kama walivyoelekezwa, ulikuwa karibu asilimia 90. Mtu yeyote wa CTC, kliniki ya huduma za VVU, akiona namba hiyo anapiga makofi.

Kisha maabara ikapima damu iliyokuwa imehifadhiwa. Dawa ilionekana kwenye sampuli zisizofika theluthi moja. Hakuna kundi lililopata kinga, si la kidonge wala la jeli. Katika kila wanawake 100, kwa mwaka, 5.7 walipata maambukizi mapya, na hao ni watu waliokuwa wanapewa ushauri na kondomu kila mwezi.

Haikuwa mara ya kwanza. Utafiti wa FEM-PrEP ulikuwa umesimamishwa Aprili 2011. Huo ulikuwa na wanawake 2,120, Bondo kule Kenya, Afrika Kusini, na hapa kwetu Arusha. Waliopewa dawa waliambukizwa 33, waliopewa plasebo 35. Asilimia 95 walisema wanameza kama kawaida. Damu yao ilisema chini ya 40.

Sasa shikeni hapa. Mwaka huohuo wa 2011, kidonge kilekile, Kenya na Uganda, kilileta matokeo tofauti kabisa. Utafiti wa Partners PrEP ulichukua jozi zaidi ya 4,700 za wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, na wote wawili wanajua. Kidonge cha mchanganyiko kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, na damu ilionyesha watu wanameza kweli. Kwa hiyo dawa ilikuwa nzima. Kilichokuwa tofauti ni maisha ya anayemeza.

Nitarudi baadaye, mtoto analia.

fundi seremala

Aisee. Kwa hiyo mabilioni ya watu yameteketea kwa sababu akina dada walikuwa wanadanganya? Si wangesema tu hawataki wakatafutwa wengine.

Mama Wawili

Fundi, taratibu. Wewe umewahi kuficha vidonge kwa mtu mnayelala kitanda kimoja? Mimi nilianza kumeza vya uzazi wa mpango nikiwa kwa mama mkwe. Nilivifunga ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko wa pedi, na bado moyo ulikuwa juu. Hivyo vilikuwa vya mpango tu. Leo nikutwe na chupa ya ARV ndani, nianze kueleza kwamba eti sina virusi, natumia kwa ajili ya kujikinga. Na nani? Mume wangu? Maneno hayo yanaisha lini?

Kungwi wa Takwimu

Mama Wawili ameeleza kwa aya moja kitu kilichowachukua watafiti miaka.

Baada ya VOICE kuisha walifanya utafiti mwingine mdogo wa mahojiano, VOICE-D. Waliwarudia baadhi ya washiriki, wakawaonyesha majibu ya damu zao, wakawauliza kwa upole: ilikuwaje? Majibu yalifanana kuanzia Kampala hadi Durban. Hofu ya madhara. Uvumi kwenye vyumba vya kusubiria kwamba vidonge vinaharibu kizazi au vinaleta virusi vyenyewe. Wenza waliokasirika. Majirani wakiona chupa wanajua wanachokijua. Na wengine walikuwa wazima wa afya, hawaoni sababu ya kumeza dawa ya wagonjwa, dawa ambayo hata mtafiti mwenyewe amewaambia hajui kama inafanya kazi na huenda ni plasebo. Kwenye FEM-PrEP, asilimia 70 ya wanawake walijiona hawako hatarini au wako hatarini kidogo tu.

Fundi, hili la "wangesema tu" nalijibu kwa maoni yangu, si kwa jedwali. Mshiriki wa utafiti anapata vipimo bure, anatibiwa magonjwa ya zinaa bure, anapata njia ya uzazi wa mpango bila foleni, anarudishiwa nauli, na nesi anamjua kwa jina. Kwa binti ambaye zahanati ya mtaani kwake anaambiwa "kaa pale" na kusahaulika, hiyo kliniki ni kitu cha kung'ang'ania. Alikuwa anaipenda kliniki, kidonge hakukitaka. Mkataba ulimlazimu avichukue vyote viwili, naye akatafuta njia ya kuishi navyo. Akimwaga vidonge njiani na kurudisha chupa tupu, kila mtu kwenye chumba cha mahojiano anafurahi.

Kosa la kitaalamu lilikuwa kuamini chupa tupu. Siku hizi huwezi kupeleka pendekezo la utafiti wa kinga bila kueleza utapimaje dawa mwilini.

Daftari Jeusi

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mtoa mada unaandika vizuri lakini unaruka jambo zito. Hao waliopewa plasebo walijua wako kwenye hatari? Watu wa Ulaya wanakuja, wanachagua sehemu ambayo wanawake wengi wanaambukizwa, wanawapa nusu yao vidonge visivyo na kitu, halafu wanakaa kuhesabu nani kaambukizwa. Ukiondoa maneno matamu, hiyo ni panya wa maabara. Naomba jibu la moja kwa moja.

Kungwi wa Takwimu

Daftari, swali halali. Jibu refu kidogo, vumilia.

Kwanza ukweli usiopingika: ndiyo, tafiti zinakwenda kwenye maambukizi mengi. Sehemu ambayo haambukizwi mtu, huwezi kujua kama dawa inazuia. Na ndiyo, historia ina madoa. Mwaka 1994 ilishajulikana kwamba dawa ya VVU iitwayo AZT inapunguza maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto kwa theluthi mbili, lakini miaka iliyofuata majaribio ya dozi fupi Afrika na Thailand bado yalikuwa na akina mama wa plasebo. Mwaka 1997 ugomvi ukalipuka kwenye majarida makubwa ya tiba kule Marekani. Waliotetea walisema dozi ndefu isingewezekana huku kwetu kwa gharama. Waliopinga walisema umaskini usitumike kama kibali. Mimi niko na waliopinga.

Halafu mwaka 2004 jaribio la tenofovir kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono Kambodia lilizuiwa kabla ya kuanza, na mwanzoni mwa 2005 la Kameruni likasimamishwa, wanaharakati wakihoji nani atawatibu watakaoambukizwa wakiwa ndani ya utafiti. Kelele hizo zilizaa mwongozo wa ushirikishwaji wa jamii uliotolewa 2007 na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, pamoja na AVAC, shirika la utetezi wa kinga ya VVU. Bodi za ushauri za jamii mnazozisikia kwenye tafiti zikapata nguvu kupitia njia hiyo. Kwa hiyo ukiniambia wanaharakati walipiga kelele bure, nakataa.

Sasa upande wa pili wa plasebo, ambao hausemwi. Kuna kemikali inaitwa nonoxynol-9, inaua mbegu za kiume, na kwenye maabara iliua pia virusi. Miaka hiyo watu wengi waliamini ni kinga, hata kondomu zilipakwa. Ikafanyiwa jaribio kwa wanawake wa biashara ya ngono Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, jeli yenye dawa dhidi ya jeli isiyo nayo. Matokeo yalitangazwa Durban mwaka 2000: waliotumia dawa waliambukizwa ZAIDI. Ilikuwa inachubua ukuta wa uke na kufungua njia. Bila kundi la plasebo, dunia ingeendelea kuwagawia wanawake kitu kinachowaumiza na kukiita kinga. Aliyeokolewa na plasebo hapo ni yule aliyeipata.

Pili, hakuna aliyeachwa mikono mitupu. Kondomu, ushauri, matibabu ya magonjwa ya zinaa ni kwa makundi yote, na anayeambukizwa anaunganishwa na ARV. Tatu, zama za plasebo kwenye kinga ya VVU zimekwisha kwa kiasi kikubwa. Ikishajulikana PrEP, yaani dawa kinga ya VVU, inafanya kazi, huwezi kumnyima mtu. Utafiti wa lenacapavir kwa wanawake haukuwa na kundi la plasebo tupu, kila mshiriki alipata dawa halisi ya kinga. Nitaeleza walivyolipata kundi la kulinganisha, ni ujanja mzuri.

Unachopaswa kuuliza kwa ukali zaidi, Daftari, ni hiki: dawa ikifanya kazi, waliojaribiwa wanaipata lini na kwa bei gani? Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu kazini.

Ngosha wa Magu

Mmesahau Mwanza wakuu. Huku kwetu Kisesa watafiti walianza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 1994, watoto tulikuwa tunawafuata nyuma tukidhani wanagawa biskuti. Wazee walikuwa wanasema damu inapelekwa kuuzwa Ulaya. Lakini kuna ule utafiti wa dawa za magonjwa ya zinaa uliofanya Mwanza ijulikane dunia nzima, Kungwi hebu uweke.

Kungwi wa Takwimu

Ngosha, asante, huo naupenda kuliko yote na ni wa nyumbani.

Miaka ya mwanzo ya 90, Mwanza, jamii 12 zilipangwa kwa jozi sita. Katika nusu yake, wahudumu wa vituo vya afya vya kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa zipo, wasimamizi wakapita. Hakuna mashine wala kidonge kipya. Matokeo yalitoka 1995: kwa miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwenye jamii zilizoboreshewa huduma na 1.9 kwenye zile nyingine. Punguzo la karibu asilimia 40 kwa kutibu kisonono na vidonda! Kidonda au uvimbe sehemu za siri ni mlango wazi kwa virusi, kwa hiyo ukiuziba mlango unazuia na mgeni.

Dunia ikashangilia. Halafu Rakai, Uganda, wakajaribu kwa nguvu zaidi: wakagawa dawa kwa watu wote, mwenye dalili na asiye nazo. VVU haikupungua. Masaka nao wakajaribu, haikupungua. Wasomi wamebishana juu ya hili kwa miaka. Maelezo ninayoyakubali mimi ni kwamba Mwanza mlipuko ulikuwa bado mchanga, maambukizi yakipita zaidi kwa watu wenye magonjwa ya zinaa yanayotibika. Uganda mlipuko ulikuwa umekomaa, virusi viko ndani ya ndoa za kawaida, na vidonda vingi vilitokana na malengelenge ambayo dawa zile haziyagusi. Kitu kilekile, ng'ambo ya ziwa lilelile, majibu mawili. Mtu akikwambia "utafiti umethibitisha", muulize wapi, na mwaka gani wa ugonjwa.

Rakai haohao walitupa zawadi nyingine mwaka 2000. Walifuatilia jozi 415 za wenza ambao mmoja ana VVU, wakakuta kwamba kati ya wale ambao wingi wa virusi kwenye damu uko chini ya 1,500, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Wakati huo kijijini hakukuwa na ARV. Wazo la kwamba anayetumia dawa vizuri haambukizi lina mizizi kwenye nyumba za udongo za Rakai. Utafiti wa HPTN 052 ulikuja kulithibitisha 2011 kwa jozi 1,763 za wenza wa nchi tisa, maambukizi yalipungua kwa asilimia 96.

Na Mwanza haijalala. Utafiti wa DoRIS, mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14, ulikuwa miongoni mwa zilizoonyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inatosha kuamsha kinga ya mwili. Wenye mabinti mliopelekewa chanjo ya dozi moja shuleni, hapo ndipo ilipopitia.

fundi seremala

Na sisi wanaume je? Naona kila kitu wanawake wanawake.

Kungwi wa Takwimu

Fundi, nyie mlipata tohara. Orange Farm Afrika Kusini 2005, kisha Kisumu na Rakai zikasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa wazi mno. Mwanaume aliyetahiriwa alipunguza hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 50 hadi 60. Tanzania ikaipeleka mikoa ambayo haikuwa desturi, kama Iringa na Njombe. Haimkingi mwanamke moja kwa moja na haiondoi kondomu, kuna vijana wanajidanganya hapo.

Lakini ukitaka kujua kwa nini wanawake, utafiti mmoja wa KwaZulu-Natal uliochapishwa 2017 ulilinganisha vinasaba vya virusi vya watu wa eneo moja kujua nani kaambukizwa na kundi lipi. Mabinti wa chini ya miaka 25 waliambukizwa na wanaume waliowazidi kwa wastani wa miaka 8.7. Hao wanaume hawaendi kupima. Binti anabebeshwa kidonge kwa sababu mzee wa watu kagoma kwenda kituo cha afya, tuseme ukweli.

Mama Wawili

Kungwi, mimi nina langu. Nilitumia sindano ya miezi mitatu kwa muda mrefu, halafu nikasikia inaongeza hatari ya VVU, nikaacha, nikashika mimba ya pili bila kupanga. Hili lilikuwa kweli au uvumi?

Kungwi wa Takwimu

Dada, hili halikuwa uvumi wa mtaani, lilitoka kwa watafiti. Nakueleza lote maana wanawake wengi waliyumbishwa kama wewe.

Kwa miaka mingi tafiti za kufuatilia watu zilionyesha kwamba wanaotumia Depo, hiyo sindano ya miezi mitatu, wanaambukizwa VVU zaidi. Mwaka 2011 ulichapishwa mmoja wa wenza wa nchi kadhaa za Afrika ulioonyesha hatari kama mara mbili. Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa tahadhari, na 2017 likaishusha sindano daraja kwa wanawake walio kwenye hatari kubwa. Tatizo la tafiti za namna ile ni kwamba anayechagua sindano hafanani na anayechagua kondomu. Pengine mwenye sindano anatumia kondomu mara chache kwa vile mimba haimtishi. Hapo huwezi kujua kama kinacholeta maambukizi ni dawa au ni tabia.

Suluhisho ni kura. Utafiti wa ECHO ulichukua wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, wote wanaotaka njia ya uzazi wa mpango na waliokubali kupangiwa: sindano, kitanzi cha shaba, au kijiti. Kulikuwa na wanaopinga, wakisema huwezi kumpangia mwanamke kizazi chake kwa bahati nasibu. Naelewa hoja, lakini bila hivyo tungebishana mpaka leo.

Matokeo yalitoka Juni 2019. Kwa kila wanawake 100 kwa mwaka: sindano 4.19, kitanzi 3.94, kijiti 3.31. Tofauti hizo hazikufika kiwango cha kusema njia moja ni hatari kuliko nyingine. Utafiti ulipangwa kugundua ongezeko la nusu au zaidi, kwa hiyo tofauti ndogo kabisa haiwezi kufutwa moja kwa moja, ila ile hofu ya "mara mbili" ilikufa. Agosti mwaka huohuo WHO ikarudisha njia zote bila kizuizi kwa upande wa VVU.

Sasa angalia namba ambayo vichwa vya habari viliipita. Jumla ya wanawake 397 waliambukizwa. Hawakuja kwa sababu ya VVU, walikuja kupanga uzazi. Wastani wa 3.81 kwa 100 kwa mwaka, ndani ya kliniki ya uzazi wa mpango! Mwanamke anakaa kwenye benchi la nesi kila baada ya miezi mitatu, anachomwa sindano ya mimba, anaondoka, na hakuna anayemuuliza kuhusu VVU kwa sababu huo ni mlango wa pili na daftari la pili. Mimi nikipewa bajeti ya nchi, dawa kinga ingekaa kwenye chumba kilekile cha sindano ya uzazi, mikononi mwa nesi yuleyule. Wanawake wa Afrika walishatuonyesha njia wanayoitaka: sindano, inayochomwa kimya, isiyoacha chupa kabatini. Walianza kuichagua kwa uzazi wa mpango miaka mingi kabla watafiti wa VVU hawajashtuka.

Daftari Jeusi

Hapo umenipata. Endelea na hiyo sindano basi.

Kungwi wa Takwimu

Haya, twende.

Kabla ya sindano walijaribu pete ya ukeni yenye dapivirine, dawa ya kuzuia VVU, inakaa mwezi, mwenza mara nyingi hajui. Tafiti mbili za 2016 zilitoa kinga ya karibu theluthi. Mmoja wapo, ASPIRE, ulionyesha kwamba kwa waliozidi miaka 21 kinga ilivuka nusu, na kwa wadogo haikuonekana. Kisa kilekile cha ufuasi. WHO iliipendekeza pete 2021 kama nyongeza, na mimi naona haijatendewa haki: kuna mwanamke ambaye hataki dawa itembee mwili mzima, naye awe na chaguo.

Kisha cabotegravir, sindano ya kila miezi miwili. HPTN 084, wanawake 3,224 wa nchi saba za Afrika, ilikatishwa Novemba 2020 kwa furaha: walioambukizwa kwenye sindano ni 4, kwenye vidonge 36.

Ndipo PURPOSE 1, utafiti wa lenacapavir, sindano ya kila miezi sita. Mabinti na wanawake wa miaka 16 hadi 25, zaidi ya 5,300, Afrika Kusini na Uganda. Matokeo ya Juni 2024: lenacapavir, wanawake 2,134, aliyeambukizwa 0. Kidonge cha zamani, ule mchanganyiko wa tenofovir na emtricitabine, 16 kati ya 1,068. Kidonge kipya, toleo jipya la mchanganyiko huo, 39 kati ya 2,136.

Kundi la kulinganisha walilipataje bila plasebo? Walipima watu zaidi ya 8,000 waliokuja kuomba kujiunga. Kwa waliokutwa na VVU walitumia kipimo kinachotofautisha maambukizi ya karibuni na ya zamani, wakakokotoa kasi ya maambukizi mtaani: 2.41 kwa 100 kwa mwaka. Vidonge vyote viwili havikutofautiana vya kutosha na namba hiyo. Kwa nini? Wengi hawakumeza. VOICE ileile, zaidi ya miaka kumi baadaye, mabinti wengine. Lakini safari hii zaidi ya 9 kati ya 10 walikuja kuchomwa sindano kwa wakati, na hakuna aliyelazimika kumdanganya nesi.

Jingine lililonifurahisha: zamani mshiriki akishika mimba anaondolewa kwenye dawa mara moja, halafu dawa inaidhinishwa na hakuna anayejua kama mjamzito aitumie. PURPOSE 1 iliwaruhusu waliopata mimba kuendelea baada ya kuelezwa. Kwa wanawake wa miaka 20 hivi, ambao mimba ni sehemu ya maisha, ilikuwa ajabu kwamba hili lilichelewa.

WHO iliipendekeza Julai 2025, kwenye mkutano wa Kigali. Bei sasa. Marekani bei iliyotangazwa ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kampuni yenye hakimiliki, Gilead, iliruhusu watengenezaji sita kuitengeneza kwa nchi 120, na Septemba 2025 ilitangazwa kwamba ya nakala itauzwa kama dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Shehena za kwanza za Afrika zilifika Eswatini na Zambia Novemba 2025. Wakati huohuo, mwanzoni mwa 2025 fedha za Marekani zilisitishwa, na ziliporudi kwa sehemu, dawa kinga chini ya mpango wao ilibanwa kuwa ya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Binti wa miaka 19 asiye na mimba, yule yule aliyejaza majedwali ya VOICE na PURPOSE, ndiye aliyeachwa nje. Daftari, hapo ndipo hasira yako iende.

Ngosha wa Magu

Na chanjo? Mbeya si walikuwa wanafanya?

Kungwi wa Takwimu

PrEPVacc, Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, ikiongozwa na watafiti wa Afrika. Uchomaji ulisimamishwa mwishoni mwa 2023, chanjo hazikuonyesha dalili ya kukinga. Kabla yake Uhambo, utafiti mwingine wa chanjo, wa Afrika Kusini, ulisimama 2020: 129 kwenye chanjo, 123 kwenye plasebo. Kwa sasa usisubiri chanjo.

fundi seremala

Kungwi swali la mwisho halafu nikalale. Hiyo sindano mtu akichomwa mara ya kwanza anakuwa salama papo hapo? Na akichelewa ya pili?

Kungwi wa Takwimu

Fundi, haiwi sindano peke yake. Siku ya kwanza unapimwa VVU kwanza, ni lazima, kwa sababu dawa hii peke yake haitibu na ukianza ukiwa tayari na virusi unavifundisha usugu. Ukiwa huna, unachomwa sindano mbili chini ya ngozi ya tumbo na kumeza vidonge viwili, na kesho yake vidonge vingine viwili nyumbani. Hivyo ndivyo vinavyoinua dawa haraka, usivisahau. Baada ya hapo ni kila wiki 26, wiki mbili mbele au nyuma zinavumilika. Ukipita wiki 28 unapimwa upya na kuanza upya pamoja na vidonge vyake. Ukiacha kabisa, dawa inaendelea kubaki mwilini kidogo kidogo kwa miezi mingi, kiasi kisichotosha kukinga, kwa hiyo hamia kidonge au kondomu kama hatari bado ipo. Haizuii mimba, haizuii kaswende wala kisonono. Na ukianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, mwambie anayekuchoma, maana zinashusha kiwango chake mwilini na utahitaji dozi za nyongeza.